Mapitio ya kitabu: "Kimbunga" cha Haji Gora Haji kwa msomaji wa leo

Diwani ya Haji Gora Haji iitwayo "Kimbunga: Tungo za Visiwani" ilichapishwa mwaka 1994 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu hapo imekuwa miongoni mwa vitabu ambavyo watu wanavijua kuliko wanavyovisoma. Wengi waliosoma Kiswahili katika kidato cha tano na cha sita wamekutana nayo, kwa kuwa imekaa miaka mingi katika orodha ya diwani zinazotahiniwa, lakini ukiwauliza wanachokikumbuka watakutajia dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi kabla hawajakutajia hata ubeti mmoja. Mapitio haya nayaandika kwa ajili ya mtu aliyeko Unguja au Pemba ambaye mtihani umeshampita, au haujamfikia, na anajiuliza kama kuna haja ya kutoa fedha yake kununua mashairi ya mzee wa Tumbatu ambayo anadhani ameshayasikia yote. Hukumu yangu naitoa mapema ili nisimchoshe: kinunuliwe, tena kisomwe kwa sauti, na sharah za mitihani ziwekwe kando mpaka mashairi yenyewe yawe yameshasomwa angalau mara moja bila ya kuulizwa yana maana gani.

Haji Gora alizaliwa Tumbatu mwaka 1933, akahamia Unguja mjini angali mtoto, na akafariki dunia mwaka 2021 akiwa na bahati ambayo washairi wachache huipata, ya kuhesabiwa na watu wa ngoma kuwa ni wao, na watu wa taarab kuwa ni wao, huku wataalamu wa vyuo vikuu vya ndani na nje wakimfuata kumsikiliza. Masomo yake ya utotoni yalikuwa ya chuo cha Kurani. Baada ya hapo alichofundishwa alifundishwa na kazi, na kazi zenyewe zilikuwa uvuvi, ubaharia na uchukuzi wa mizigo bandarini. Nazitaja kazi hizi kwa makusudi, kwa sababu watu huzitaja katika wasifu wake kama vile ni mashaka aliyoyapitia kabla ya kuwa mshairi, ilhali mimi naona ndizo zilizomfanya awe mshairi wa namna yake, na bila ya hizo diwani hii isingekuwa na kitu kinachoifanya idumu.

Kisiwa chenyewe cha Tumbatu kiko kaskazini magharibi mwa Unguja, mkabala na Mkokotoni, na asiyekijua hukisikia zaidi kwa sifa za manahodha wake na kwa magofu ya kale ya Makutani, karibu na Jongowe. Ni kisiwa cha watu wanaohesabu siku kwa bamvua na maji mafu, wanaotoka kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, wakaacha nyumba zao kwa muda mrefu, na wenye lahaja yao ambayo mtu wa mjini akiisikia ikisemwa haraka hupotea njiani. Haji Gora aliitumikia lahaja hiyo kwa namna yake alipokusanya kamusi la Kitumbatu, lililotolewa mwaka 2006, lakini tungo za "Kimbunga" kwa sehemu kubwa ziko katika Kiswahili ambacho msomaji wa Wete, wa Makunduchi na wa Tanga atakifuata bila ya taabu kubwa, akikwama hapa na pale kwenye neno la chombo au la kilimo.

Shairi lililokipa kitabu jina lake linajulikana na kila mtu, au angalau kila mtu anadhani analijua, maana liliimbwa katika taarab na vijembe vyake vimeingia katika mazungumzo ya barazani. Linasimulia kimbunga kilichoupiga mji wa Siyu, na katika dhoruba hiyo mambo yasiyowezekana yakawezekana: chura akaukausha mto, na usufi usiotimia kipeto ukalivunja rikwama, na kila ubeti ukirudi kwenye kituo kilekile cha nyoyo kufadhaika. Mwalimu wa skuli anapofika hapa huchora jedwali ubaoni, upande mmoja chura, upande wa pili mnyonge. Upande mmoja rikwama, upande wa pili dola au mkubwa yeyote aliyedhani hawezi kuangushwa. Wanafunzi hunakili jedwali hilo, mwaka unaofuata wenzao hunakili kutoka kwao, na shairi linaingia katika daftari likiwa limeshachinjwa na kuchunwa. Sisemi kwamba tafsiri hiyo ni ya uongo. Wako wengi wanaolisoma shairi hili kama kumbukumbu ya misukosuko ya siasa za visiwani, hasa Mapinduzi ya mwaka 1964, na ukubwa wa mshangao uliomo ndani yake unaibeba tafsiri hiyo vizuri. Ninachosema ni kwamba jedwali linaharakisha mno kuliacha rikwama lenyewe.

Kwani rikwama ni nini? Msomaji wa Zanzibar haelezwi, lakini wacha tulitazame. Ni gari la mbao la kusukumwa kwa mikono, lenye magurudumu mawili na mikono miwili ya kushikia, ambalo lilibeba na bado linabeba kila kinachoshindwa kupita kwa gari katika vichochoro vya mjini: magunia ya mchele, mifuko ya saruji, makabati ya maharusi, na katika miaka ya ujana wa Haji Gora magunia ya karafuu yaliyoshushwa kutoka Pemba. Mchukuzi anayejua kazi yake hupakia mzigo kwa kipimo, uzito ukiegemea kidogo upande wake, maana ukizidi nyuma mikono humnyanyukia na ukizidi mbele humkandamiza kifua. Analijua rikwama lake lilivyo zima kwa mlio wake. Anajua ni gunia la ngapi litakalolifanya lilie, na anajua kwamba chombo hiki kikivunjika huvunjika katika ekseli, ghafla, katikati ya njia, na mali ya watu ikamwagika mbele za watu. Kwa upande wa pili uko usufi, ambao ukiutia katika gunia na kuushindilia mpaka mikono ikuume, bado mtoto wa chuoni ataujitwika kichwani akaenda nao mbio. Mshairi hakutosheka na gunia, akachagua kipeto, na kipeto chenyewe hakijatimia, kiko nusu tu. Mtu aliyewahi kulipwa kwa uzito wa mzigo ndiye peke yake anayeweza kuupunguza mzigo kwa ustadi wa namna hii, akaushusha hatua kwa hatua mpaka ukawa si kitu, kisha akavunja kwao gari zima.

Niliwahi kuusoma ubeti huu kwenye baraza moja la Chake Chake mbele ya mzee aliyesukuma rikwama bandarini katika ujana wake. Alicheka kwanza, kama wanavyocheka wote. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Hebu niambie, mjukuu wangu, nani aliyesema mlikuwa na usufi humo?" Nilimjibu kwamba ndivyo alivyosema mtungaji. Akatikisa kichwa akaniambia kwamba katika kazi yake aliona marikwama yakivunjika kwa mizigo iliyotajwa kuwa ni myepesi, na kila mara ilikuwa ni kwa sababu mwenye mali alimdanganya mchukuzi ili apunguziwe ujira. Mimi nimesoma sharah nyingi za shairi hili, zilizochapwa na zisizochapwa, na sikumbuki hata moja iliyouliza suali la mzee yule: kama usufi ulilivunja rikwama, je, kweli ulikuwa ni usufi, au kuna mtu aliyetuambia ni usufi? Suali hilo linaligeuza shairi zima. Kimbunga kinakuwa ni siku ambayo uzito uliofichwa kwa muda mrefu ulijitokeza, na mnyonge aliyeonekana mwepesi akawa alikuwa mzito tangu hapo, isipokuwa hakuna aliyempima.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisema kuhusu Haji Gora, na ndilo ninaloliona kuwa sababu ya kudumu kwake. Mafumbo yake yanadumu kwa kuwa upande wa nje wa fumbo ni wa kweli. Washairi wengi wa mafumbo huwa na haraka ya maana. Wanamtaja simba au mashua, lakini simba wao hana harufu na mashua yao haivuji, na msomaji akishaijua maana anayotakiwa kuijua hana sababu ya kurudi tena. Haji Gora kwanza anakupa chura ambaye ni chura na rikwama ambalo ni rikwama, vilivyotazamwa na mtu aliyevijua kwa kazi, na kwa kuwa vitu hivyo ni vizima, kila kizazi kinaweza kuvitia maana yake bila ya shairi kuchoka. Kitabu kilitoka miaka miwili baada ya kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, na mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa 1995, na watu waliokisoma wakati huo walikuwa na Siyu yao machoni. Wanaokisoma leo wana yao. Maana zimekwenda na kurudi, na chura bado anakunywa mto wake uleule.

Tena kwa watu wa visiwani, neno kimbunga halikuanza kuwa fumbo. Tarehe 15 Aprili 1872 dhoruba kubwa iliipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu iliyokuwa nguzo ya utajiri wa kisiwa hicho, na kuzamisha vyombo vilivyokuwa bandarini, ilhali Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba la karafuu la dunia, na sisi tuliozaliwa katika nyumba ambazo kila msimu hunukia karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi tunaishi, tukijua au tusijue, ndani ya matokeo ya upepo wa siku ile. Miti mikubwa iliyopandwa kwa jasho la watumwa ilianguka, na mizani ya visiwa viwili ikahama. Ukiyajua hayo, huhitaji mwalimu akuambie kwamba kimbunga kinaweza kumshusha mkubwa na kumpandisha mdogo. Hata Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu na usafiri wa baharini ukasitishwa, watu wa hapa nyumbani walikumbuka tungo ya Haji Gora kabla hawajakumbuka taarifa ya hali ya hewa. Kwa nini akakipeleka kimbunga chake Siyu, mji wa kisiwa cha Pate huko upande wa Lamu, badala ya kukiacha kipige Tumbatu au Malindi? Kila mtu ana jibu lake. Langu ni jepesi: baharia wa Tumbatu aliijua pwani yote mpaka huko, na msiba wa mji wa mbali ni mada ambayo mtu anaweza kuizungumza barazani bila ya kutazama nyuma yake.

Shairi la pili ninalompendekezea msomaji ni "Kibwangai", ambalo ni hadithi ya mnyama wa porini anayetamani ubinadamu, akaupata, kisha akawageuka wenzake aliotoka nao. Hili linakwenda kwa mwendo wa hadithi za bibi, zile za "paukwa, pakawa", na ndiyo maana watoto hulipenda bila ya kushawishiwa. Katika skuli husomwa kama shairi la usaliti wa viongozi waliosahau waliowapandisha, na usomaji huo hauna kasoro. Lakini mtu wa shamba ana jambo la ziada la kuliona. Yeye anaishi na wanyama hawa kwa uhasama wa kila siku. Anayeamia shamba lake la mpunga au la muhogo anajua kwamba tumbili ana akili, ana woga, ana mzaha, na akikaa juu ya tawi akakutazama anakutazama kama anayekuhesabu. Kwa mtu huyo, wazo kwamba mnyama huyu angetamani kuwa mtu si la ajabu hata kidogo, na ajabu inaanza pale anapopata alichokitaka akawa mbaya kuliko alivyokuwa. Mshairi hamwonei mnyama. Ukali wote ameuweka upande wa ubinadamu alioupata, na hilo ni jambo la kumfikirisha mkulima aliyeshinda kutwa akirusha mawe.

Katika "Nyang'au" na tungo nyengine za namna hiyo, mbinu ni ileile ya kumchukua kiumbe wa ngano au wa porini akamweka mbele ya watu ili wajitazame, ingawa kwa ladha yangu hakuna linalofikia utamu wa haya mawili.

Kuhusu umbo, msomaji atakuta bahari za shairi alizozizoea, mishororo ya mizani kumi na sita iliyogawika nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, na kituo kinachorudi au kubadilika. Mtu aliyelelewa na mashairi huru anaweza kuona kwamba huo ni mwendo wa zamani. Namwomba asisome kimya. Mtungaji alianzia katika nyimbo za ngoma, akatunga za taarab, na mizani yake imepimwa kwa pumzi ya mwimbaji, si kwa rula ya mhakiki. Kile kinachoonekana katika karatasi kuwa ni marudio yasiyo na kazi, katika sauti ni mahali ambapo waitikiaji huingia. Kituo cha "Kimbunga" ni kifupi kuliko mishororo mengine, na ukikisoma kwa sauti utahisi kuwa wimbo umekatika ghafla, wasikilizaji wameachwa na pumzi juu, na fadhaa inayosemwa katika maneno imeshawaingia. Kwa sababu hiyo hiyo mtu asiyejua kusoma anaweza kuwa na tungo hizi nzima kichwani. Sisi Wapemba, ambao tuna Kamange na Sarahani wetu wa karne ya 19 na hatukubali kirahisi kwamba Unguja wametupita katika jambo lolote la mashairi, tulimpokea Haji Gora kwa masikio kwanza, na kitabu kikaja baadaye.

Kitabu hakikosi udhaifu, na mapitio yasiyosema hivyo yangekuwa tangazo. Mashairi ya nasaha, yale yanayomwelekea msomaji moja kwa moja na kumkanya, yamezeeka haraka kuliko mengine. Ndani yake mtungaji anaweka kando jicho lake la mvuvi na mchukuzi, anavaa kanzu ya mtoa mawaidha, na maneno yanayosemwa ni mema lakini yangeweza kusemwa na mzee yeyote wa heshima katika mtaa wowote. Katika sehemu kama hizo hata vina huonekana kushonewa viraka, neno likiletwa kwa kuwa linamalizia kwa silabi inayotakiwa na si kwa kuwa lina kazi. Kosa la pili ni la mpangilio zaidi kuliko la utunzi: mashairi yenye uzito mkubwa yako katika jalada moja na ya kawaida, na msomaji asiye na mwongozo anaweza kufungua ukurasa wa bahati mbaya, akasoma tungo mbili za nasaha, akakifunga kitabu akidhani chote kiko hivyo. Ndiyo sababu nimetaja mapema aanze na yepi.

Liko jambo jingine ambalo watu hulitaja kama sifa na mimi nina wasiwasi nalo. Husemwa kwamba Haji Gora anapendwa kwa sababu anatukumbusha maisha ya zamani ya shamba na pwani, wakati watu walipokuwa na mapenzi na dagaa walikuwa tele. Ukikisoma kitabu kwa uangalifu hutakiona kijiji hicho. Utaona uzito, upepo, njaa ya madaraka, viumbe wanaokulana, na watu wanaodanganyana. Ngalawa iliyotundikwa ukutani katika hoteli za Nungwi ili wageni waipige picha haina nafasi katika tungo hizi, kwa kuwa mtungaji aliijua ngalawa kwa upande wake wa chini, unapoikwangua makome ya pwani na kuipaka mafuta ya papa yanayonuka siku tatu mikononi. Kama kijana wa Fuoni au wa Mwanakwerekwe asiyewahi kushika kasia anazipenda tungo hizi, na wako wanaozipenda, basi hakuvutwa na hamu ya kurudi alikotoka babu yake. Amevutwa na mtu anayezungumza habari za kazi na nguvu bila ya kuzipamba, na mambo hayo kijana huyo anayakuta kila siku katika daladala, sokoni Darajani na katika ofisi anakopeleka barua zake za kuomba ajira.

Upatikanaji ndio mtihani mkubwa zaidi wa bidhaa hii. Nakala nyingi nilizoziona mikononi mwa wanaskuli ni fotokopi za fotokopi, herufi zimefifia, pembe zimekatwa na mashine, na katika moja niliyouziwa mimi na duka ambalo sitalitaja, kurasa kadhaa za katikati hazikuwepo kabisa, jambo nililoligundua baada ya shairi moja kuanza na kumalizika kama shairi jengine. Anayetafuta nakala halisi akumbuke kwamba taasisi iliyokichapisha, TUKI, tangu mwaka 2009 imeunganishwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, ya chuo hichohicho, kwa hivyo ni jina hilo ndilo la kuulizia. Nakala za mkono wa pili huonekana mara chache kwa wauza vitabu vilivyotumika, na mara nyingi zimejaa mistari ya wino na majibu ya mtihani pembezoni. Nakala yangu ya sasa ni ya namna hiyo, na mwenyewe wa kwanza ameandika kando ya rikwama neno "serikali" akalipigia mstari mara mbili.

Endapo siku moja litatoka toleo jipya, ningependa liwe na mambo mawili ambayo nayaona ya lazima. La kwanza ni maelezo ya vitu, yaliyoandikwa kwa msaada wa watu wanaovitumia: rikwama, vyombo vya bahari na sehemu zake, pepo za kusi, kaskazi na matlai, wadudu na miti. Maelezo ya maana tunayo ya kutosha na hayana haja ya kuongezwa. La pili ni sauti. Mshairi aliyetunga kwa ajili ya kuimbwa anastahili kusikika, na katika zama hizi ambazo kila simu inacheza wimbo, hakuna ugumu wa kuambatanisha tungo zilizosomwa au kuimbwa na watu wa Tumbatu wenyewe, kwa lafudhi yao.

Wako watakaouliza kama haifai kuanza na "Shuwari", diwani yake iliyotoka mwaka 2019 akiwa katika uzee, au na riwaya yake ya "Siri ya Ging'ingi" ya mwaka 2009. "Shuwari" ni kitabu cha mtu aliyetulia, nacho nakipenda kwa sababu zake, lakini msomaji ataionja vizuri zaidi akiwa ameshapigwa na upepo wa kile cha kwanza. Riwaya ni kwa mwenye hamu ya kumjua zaidi mtu ambaye ameshampenda.

Kwa hivyo nani anunue? Mwalimu wa Kiswahili anunue nakala halisi hata kama itamgharimu kusubiri, na kabla ya kuchora jedwali ubaoni awapeleke wanafunzi wake wakalione rikwama na kuulizana mzigo wake, kwani katika kila mji wa Unguja na Pemba bado lipo la kuonwa. Mzazi mwenye watoto wanaopenda hadithi aanze na "Kibwangai", amsomee mtoto usiku, asimweleze chochote mpaka aulize. Mpenzi wa taarab anayetafuta mashairi ya mahaba ya kumtumia mtu hatapata alichokifuata, na ni bora aelekeze fedha yake kwengine. Mwanafunzi anayetaka kufaulu tu anaweza kutosheka na fotokopi, mradi ahesabu kurasa kabla hajalipa.